Nani Alinipiga Kichwani

Magwagwa, 1971

Jumatatu, 8 Machi
Mvua ya masika imeanza leo, na mdogo wangu Nyamusi ameingia uwanjani pamoja na matone ya kwanza. Mama mkwe wangu, Tryphosa, akapiga kigelegele. Hata mvua sasa ni zawadi ya Nyamusi.

Ameletwa kunisaidia. Mume wangu Abner ni karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, anashinda huko na mizani yake mpaka lori la kiwanda lije. Chai yetu inataka mikono, na yangu haiaminiki tena. Tangu nianze kuanguka kifafa, Tryphosa hataki nikae karibu na moto, wala nishuke mtoni peke yangu. Nimekuwa mtoto wa kuchungwa na miaka yangu ishirini na sita.

Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la pili kabla shule haijaniambia nikapumzike kwanza. Tryphosa husoma Biblia yake ya Ekegusii na hapo basi. Kwa hiyo humu nasema nitakalo, na la kwanza nitakalo ni hili: Nyamusi amenawiri. Ana mashavu mawili, yote mazima.

Jumanne, 9 Machi
Mvua. Nyamusi alijaza kikapu kabla mimi sijafunika chini ya changu.

Sabato, 13 Machi
Kanisani walimpa nafasi yangu kwenye kwaya. Hakuna aliyeniuliza. Ni kweli nilikwisha kuacha kuimba, maana mdomo wangu upande wa kushoto unavutwa juu na sauti inatoka na upepo, lakini kuacha ni kitu kimoja na kupokonywa ni kitu kingine.

Nje, mke wa mzee wa kanisa akamshika Nyamusi kidevu. "Huyu ni Persis mwenyewe! Persis wa siku zile!" Kisha akaniona nimesimama pale, akaanza kusifu mvua.

Acha niandike mara moja nisirudie. Miaka mitatu iliyopita shavu langu la kushoto lilianza kupungua. Hakukuwa na kidonda wala homa. Nyama iliondoka tu, polepole, mpaka mfupa ukaonekana, jicho nalo likazama. Juu ya paji la uso kuna mstari uliobonyea, unatoka kwenye nyusi na kupanda mpaka ndani ya nywele, na unapopita nywele zimekufa. Kidole kinalala humo. Upande wa kulia niko kama nilivyoolewa. Watu wakizungumza nami husogea taratibu mpaka wawe kulia kwangu, wakidhani sioni.

Alhamisi, 18 Machi
Maumivu. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 19 Machi
Yalianza jana nikinawa uso. Huanzia chini ya jicho, yakachoma kama sindano iliyotiwa moto, yakaenda kwenye taya, yakarudi. Kutafuna siwezi, upepo siuwezi, hata kanga ikigusa shavu napiga kelele. Mwaka juzi mng'oa meno wa sokoni alinitoa magego mawili, akasema ndiyo adui. Yalikuwa meno mazuri.

Nyamusi alinipikia uji wa wimbi, akaupoza kwa kuumimina huku na huku, akaninywesha kwa upande mzima. Hana haraka, mikono yake haitetemeki. Nilikunywa wote na nikamchukia mpaka tone la mwisho.

Jumapili, 28 Machi
Abner alikwenda Kisii akapitia soko la Daraja Mbili. Alirudi na vifurushi viwili. Nyamusi alipata gauni la bluu lenye mkanda, kwa kuwa lake limeraruka kwenye chai. Mimi nilipata kitambaa cha kichwa. Ni kizuri na ni kipana.

"Kitakukinga upepo," alisema.

Nikamwambia ahsante. Upana wote ule, na upepo wa kwetu si mkubwa hivyo. Nyamusi alivaa gauni akazunguka jikoni, na Nyangate, binti yangu wa miaka minne, akapiga makofi. Abner alicheka. Sikumbuki lini alicheka mara ya mwisho nikiwa mimi ndiye ninayezunguka.

Alhamisi, 1 Aprili
Mvua. Chai imechipuka sana. Nyangate amelala mgongoni kwa Nyamusi mchana wote.

Ijumaa, 9 Aprili
Jana nilianguka. Huwa napata harufu ya kitu kinachoungua, kisha pembe ya mdomo inaanza kucheza yenyewe, kisha sijui tena. Nilipozinduka nilikuwa kwenye kitanda, ulimi nimeuuma, na Nyamusi ana mkono uliofungwa kitambaa. Wanasema niliangukia mafiga, yeye akaingiza mkono kati ya kichwa changu na moto.

Abner ndiye aliyeufunga ule mkono. Nilikitazama kile kitambaa jinsi kilivyofungwa vizuri, fundo dogo, limelazwa ndani lisimkwaruze. Mtu aliyeungua kwa ajili yangu, na mimi nikawa nahesabu fundo. Basi ndivyo nilivyo siku hizi.

Jumatano, 14 Aprili
Tryphosa amesema neno ambalo limekuwa likimwasha muda mrefu. Tulikuwa jikoni wote, tunachambua mboga ya chinsaga.

"Hiki kichwa kimepasuka," alisema, akatia kidole kwenye mstari wangu bila hodi. "Mnakiita ugonjwa, ugonjwa! Huu ni ufa. Mfupa umeingia ndani, unamchoma, ndiyo maana anaanguka. Apelekwe kwa omobari."

Omobari ni yule anayepasua vichwa. Hapa kwetu mtu akipigwa rungu, kichwa kikamuuma miaka na mikaka, omobari hufungua ngozi, akakwangua mfupa mbovu mpaka autoe, akafunga. Wapo watu wazima tunaosali nao wenye shimo chini ya kofia, na wanalima. Wapo pia waliokwenda wasirudi, lakini hao Tryphosa hakuwataja.

Abner alisema bora hospitali ya Kisii. Mama yake akamwuliza kama hospitali ndiyo iliyotoa yale magego. Abner akasema yule alikuwa mtu wa sokoni. "Wote wana koleo," alisema Tryphosa.

Kisha akaweka mboga chini. "Sasa, omobari hagusi kichwa kabla hajaambiwa kilipigwa na nani. Persis, nani alikupiga?"

"Hakuna."

"Ufa haujitengenezi. Majirani wanasema ni mwanangu. Unajua wanasema hivyo? Ukipigwa ukiwa kwetu, gharama na aibu ni zetu. Ukipigwa ukiwa kwa baba yako, ni za kwenu. Fikiri vizuri, mama. Kumbuka."

Abner hajawahi kuniinulia mkono. Nilimwambia hivyo. Lakini nilimwona ameinamisha uso, na nikajua kwamba maneno ya majirani yamemfikia kabla yangu.

Alhamisi, 15 Aprili
"Umekumbuka?" Bado.

Jumatatu, 19 Aprili
"Umekumbuka?" Mvua, maumivu, na Tryphosa.

Alhamisi, 22 Aprili
Nyamusi ananiambia nisiende kwa omobari. "Dada, mimi naogopa. Kichwa ni kichwa." Kwa nini aogope yeye? Nikikaa hivi hivi nani anafaidika? Anapika kwangu, anaimba kwangu, mtoto wangu amemganda. Mgonjwa akipona, msaidizi hurudi kwao.

Sabato, 24 Aprili
Leo nitaandika sana, kwa sababu nimefanya jambo.

Sikwenda kanisani, upepo ulikuwa mkali. Wakarudi mchana kwa njia ya chini, na mimi nikiwa mlangoni niliwaona kabla hawajaniona: Abner amembeba Nyangate mabegani, Nyamusi kando yake na gauni la bluu. Mtu asiyetujua angesema, familia nzuri ile. Abner alisema kitu, Nyamusi akamgeukia kucheka, na Abner akabaki akimtazama. Hakutazama kwa ubaya. Ningependa kuandika kwamba ni kwa ubaya. Alitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

Walipofika, Nyangate alishushwa, nikamnyoshea mikono. Akanitazama uso, akajificha nyuma ya gauni la bluu.

"Nenda kwa mama," Nyamusi alimwambia.

"Wewe," alisema mtoto.

Tulikula. Tryphosa akaanza wimbo wake. "Persis, umekumbuka?"

Nikasema, "Nimekumbuka."

Nilisikia sauti yangu ikitoka laini kabisa. Nilisema nilikuwa na miaka kumi na moja, nimechuchumaa nasugua sufuria. Nyamusi alikuwa na miaka minne. Alikuwa amenikasirikia, nimesahau kwa nini. Akachukua jembe kwa mpini akanipiga nalo paji la uso, na mama akanikanya nisimwambie baba. Mama yetu ni marehemu, hawezi kuulizwa. Hata hilo nililifikiria.

Nyamusi alikuwa ameshika bakuli. Nilingoja apige kelele, aseme mwongo wewe, anirushie hilo bakuli. Angesema nami ningecheka, ningesema nimekosea labda ni mbuzi. Alinitazama tu, akatazama mstari wangu, akaanza kulia bila sauti.

"Nilijua!" Tryphosa alisema. Alifurahi mpaka akamshukuru Mungu wake, Nyasae.

Jumapili, 25 Aprili
Nyamusi amerudi kwetu kumwambia baba. Gauni la bluu ameliacha limekunjwa kitandani.

Jumatatu, 26 Aprili
Nyumba ni yangu. Nimepika mwenyewe, Tryphosa akiwa macho kodo mlangoni. Nyangate alilala mgongoni kwangu kwa kuwa hakuna mgongo mwingine. Nimekuwa na furaha siku nzima, nasema kweli.

Alhamisi, 29 Aprili
Chai inazeeka shambani. Abner haongei mezani. Maumivu yamerudi na hakuna wa kuupoza uji.

Jumanne, 4 Mei
Baba ameleta salamu: amekubali kosa ni la kwetu, analeta kondoo wa malipo, ataleta na binti. Tryphosa amekwenda kuonana na omobari Obwocha ng'ambo ya mto, na siku imewekwa. Wiki ya tatu ya mwezi huu.

Ndipo akili ilinijia. Jamani, nilikuwa nafikiria kumfukuza Nyamusi tu! Sikufikiria kwamba ukishasema nani alikupiga, umeshatoa kichwa chako. Hiki kichwa hakijapigwa. Mfupa huu ni mzima, na mtu anakwenda kuukwangua kwa kisu kwa sababu nimesema ni mbovu.

Jumamosi, 8 Mei
Sikwenda kusali. Ningesali nini?

Jumatano, 12 Mei
Maumivu kutwa. Kuna saa ambapo ningempa Obwocha hata shoka. Kisha yanapoa, naweka mkono juu ya kichwa, naogopa. Nikisema nilidanganya, Tryphosa atanirudisha kwetu, na Nyamusi atarudishwa hapa kuniangalizia mtoto, na mume. Nikinyamaza, naenda kupasuliwa. Nimepima huku na huku. Kila nikipima, nanyamaza.

Abner aliniuliza, "Una hakika na ile habari ya jembe?"

"Unamtetea?"

Akaenda kazini.

Jumatano, 19 Mei
Ilikuwa jana.

Tulifika kwa Obwocha na umande ungali majanini. Ni mzee mfupi, ana suruali ya kaki, mikono ameioshea sabuni ya kufulia. Nyuma ya nyumba alikuwa ametandika majani ya migomba, na juu yake visu vyake vidogo vimepangwa, vingine vimepindwa ncha. Palikuwa na maji ya moto na wanaume wa kunishika miguu. Mke wake alininyoa nusu ya mbele ya kichwa, mstari ukabaki uchi mbele ya watu wote.

Baba alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amezeeka ghafla. Kondoo alikuwa amefungwa kwenye mti, na Nyamusi amesimama karibu naye kama wameletwa kwa kamba moja.

Obwocha alipitisha kidole kwenye mstari, akauliza kwa sauti, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili: "Nani alipiga hii kichwa?"

Mimi nikatazama chini. Nyamusi akasogea.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpiga na jembe nikiwa mdogo. Namwomba dada anisamehe, na mzee amtengeneze."

Tryphosa, aliyemwita mchawi mdogo wiki tatu nzima, alifuta machozi. "Muone huyo mtoto! Wangapi wangekubali? Ana moyo, jamani, ana moyo."

"Basi aliyempiga ndiye atashika kichwa," alisema Obwocha. "Kwangu ndivyo tunafanya, uchungu upite mikononi mwake."

Wakanilaza. Wanaume wakanikalia miguu. Nyamusi akapiga magoti nyuma yangu, akaniweka viganja kwenye mashavu, kimoja kwenye shavu lililopo na kimoja kwenye lisilokuwapo. Kile chenye kovu la moto kilikuwa upande wa kushoto, amekilaza polepole, anajua panauma wapi. Obwocha akachagua kisu.

Nami nikamtazama Abner.

Alikuwa hanitazami mimi. Mke wake yuko chini ya kisu, naye alikuwa anamtazama Nyamusi, na macho yake yamejaa heshima kubwa. Baba naye vilevile. Hata wale wanaume miguuni pangu. Wote wanamtazama yule mtakatifu aliyeungama kosa lake, na mimi nimelala katikati yao kama mbuzi wa sherehe.

Hofu ya kisu haikuwa imenifungua mdomo. Dhamiri haikuwa imenifungua. Wivu ndio ulionifungua. Ulipanda kutoka tumboni ukatoka kwa kelele:

"Mwongo! Mwongo huyu! Hajanipiga! Hajawahi kunipiga hata kofi! Mimi ndiye niliyetunga, kila neno, msimpe sifa ya bure!"

Sikuweza kuvumilia asifiwe kwa dhambi ambayo mimi ndiye niliyeitengeneza. Hiyo ndiyo kweli, wala sitaipamba.

Obwocha alikaa na kisu hewani. "Alikupiga ama hakukupiga?"

"Hakunipiga mtu yeyote. Shavu lilianza lenyewe, na mstari ulikuja baada ya shavu."

Akakirudisha kisu kwenye jani. "Mimi natoa mfupa iliyovunjika," alimwambia Tryphosa. "Mfupa nzima nitoe niipeleke wapi? Chukua kondoo yenu."

Sitaandika aliyosema Tryphosa. Baba alifungua kondoo, akamshika Nyamusi mkono wakaondoka, na Nyamusi aligeuka kunitazama mara nyingi njiani, kwa mashaka, si kwa hasira.

Abner alitembea mbele yangu mpaka mtoni, kisha akangoja.

"Kwa nini, Persis?"

"Kwa sababu unamtazama."

Nilidhani atakana. Nilikuwa nimeshatayarisha la kumjibu. Akasema, "Ndiyo. Namtazama. Siku nyingine nasahau ulikuwa aje, naangalia pale nakumbuka." Akafikiri. "Nitaacha."

Akanishika mkono tukavuka. Sijui kama niliambiwa neno zuri au nilitukanwa. Nimelifikiria tangu jana. Nadhani yote mawili.

Alhamisi, 20 Mei
Tryphosa hanisemeshi. Kimya chake ni kipya, kina raha kidogo.

Jumatatu, 24 Mei
Nilianguka uwanjani. Abner alinizuia.

Alhamisi, 3 Juni
Hospitali, Kisii. Daktari ni kijana, alinitazama kwa muda mrefu kutoka kushoto, na ndiye mtu wa kwanza katika miaka mitatu kukaa upande huo kwa hiari. Akaniambia sikupigwa wala sikulogwa. Ni ugonjwa, ni wa nadra, amewahi kuuona kwenye kitabu tu. Unakula upande mmoja wa uso, na wakati mwingine unagusa ubongo ulio chini yake, ndiyo kifafa. Maumivu ni ya mshipa wa fahamu wa uso.

"Dawa yake?" Abner aliuliza.

"Ya kurudisha nyama hakuna. Unaweza kusimama wenyewe. Haijulikani lini."

Alinipa vidonge vya kifafa, nimeze kila siku bila kuacha. Mlangoni Abner aliniuliza kama nataka kupitia Daraja Mbili. Nikasema sitaki kitambaa. Tukanunua ndizi mbivu, ndizo ninazoweza kutafuna.

Jumanne, 8 Juni
Mvua zinapungua. Vidonge vinanipa usingizi. Chai imekuwa msitu.

Jumatatu, 14 Juni
Abner alikwenda kwetu, akarudi na Nyamusi. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia baba aambiwe ni kwa ajili ya chai, na ni kwa ajili ya chai, lakini pia siku ile alishika kichwa changu vizuri.

Nyangate alimkimbilia. Iliniuma palepale panapouma siku zote. Wivu haujaenda popote, nauona umekaa hapa nami. Nimempa Nyamusi gauni lake, nikashika kazi.

Jumapili, 20 Juni
Leo tulikuwa kwenye chai wawili tu. Nimeshikilia jambo hili tangu arudi, nikaona nimwulize nimalize.

"Nyamusi. Siku ile kwa nini ulikubali? Ulitaka wakusifu?"

Akaacha kuchuma. Alionekana hakuelewa swali.

"Kukubali nini? Wewe ulisema nilikupiga. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Wewe ndiye mkubwa, wewe ndiye unakumbuka."

Nilisimama na majani mkononi. Miezi yote hii nimemwonea wivu uso, na sauti, na mtoto wangu, na tangu siku ile nimemwonea wivu ule wema wake, moyo ule uliobeba kosa lisilo lake. Hakubeba kosa lisilo lake. Aliniamini. Nilimwambia alinivunja kichwa, naye akalichukua neno langu akaliweka mahali pa kumbukumbu yake, akalala nalo kwa baba siku zote zile.

"Nilitunga," nilimwambia. "Ulisikia mwenyewe. Na daktari amesema ni ugonjwa."

"Nilisikia."

Akachuma kidogo. Alikuwa upande wangu wa kushoto, akanitupia jicho kwenye paji la uso, ambapo nywele zinaanza kurudi pande zote mbili za mstari. Akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto:

"Lakini dada, una hakika sikukupiga?"

"Nina hakika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alitikisa kichwa kukubali, lakini haikuingia, niliona. Tulipofika mwisho wa mstari wa chai aliniuliza tena. Nikamjibu tena.